Mchaichai wa Ng'ambo ya Ruvuma

Nyumbani kwetu mgeni hakunawa mikono mahali alipojisikia. Akishamaliza kula, kabla hajageuza macho kutafuta pa kumwagia maji, mama alikuwa ameshasimama na kata mkononi, anamwongoza nyuma ya jiko mpaka kwenye shina la mchaichai. Hapo ndipo aliponawishwa, ameinama, maji yakipita katikati ya vidole vyake na kuangukia mizizini. Awe mkwe, awe mjumbe wa nyumba kumi, awe mtu aliyepita kuomba kaa la moto, wote waliinama pale pale. Baba alipenda kunawa akiwa amekaa kwenye kigoda chake kama wanaume wenzake, lakini kwa mama hilo halikupita. Nilimwona mara nyingi akinyanyuka huku ananung'unika, ugali umemganda vidoleni, anakwenda kuinamia nyasi. Na maji ilibidi amiminiwe na mama mwenyewe, kwa sababu yeye alisema mkono wake haujaumbwa kunywesha majani.

Asiyejua uwanda wa Makonde atadhani ni uchoyo. Newala iko juu, hewa yake nzuri, upepo haukatiki, na maji hayapo. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote. Maji yalikuwa chini bondeni, na njia ya kuyafuata iliteremka kwenye ukingo wa mlima kwa namna ambayo wakati wa kwenda unaogopa kuanguka na wakati wa kurudi unatamani uanguke upumzike. Mama alitoka alfajiri na wanawake wenzake, akarudi jua limeshakuwa kali, debe kichwani, shingo imekakamaa, hataki kusemeshwa mpaka alitue. Baadaye serikali ilileta bomba, ila lilitoa maji siku lilipopenda, na siku nyingi halikupenda. Kwa hiyo maji ya nyumbani yalifanya kazi mbili tatu kabla hayajaruhusiwa kupotea, na kazi ya mwisho ilikuwa mchaichai.

Nikisema mchaichai, wanangu wanafikiria vile vifuko vinavyouzwa madukani hapa Masasi, kwenye kiboksi chenye picha ya majani mabichi kuliko majani yenyewe. Ukitumbukiza kifuko kwenye maji ya moto unapata harufu ya mbali, kama ya mtu aliyepita barabarani akaenda zake. Mimi huvinunua, maana mgeni akija ghafla nitafanyaje, lakini kila nikivinywa hasira hunipanda. Mchaichai wa mama ukikatwa, jirani wa tatu alijua. Majani yake yalikuwa marefu, yana makali ya kuchana vidole, na mama aliyafunga fundo kabla ya kuyatia kwenye sufuria ili yasimkwame mtu kooni. Hiyo ndiyo iliyokuwa chai. Miaka ile majani ya chai ya dukani leo yapo, kesho hayapo, na sukari ndiyo kabisa. Mchaichai haukuwa na foleni.

Uliingia karibu kila chungu. Samaki wakavu waliopandishwa kutoka pwani, wenye harufu ya kumfanya hata paka asite, walilazwa juu ya majani yake yaliyotandazwa chini ya chungu, na wakiiva unawala bila kukumbuka walivyokuja. Uji wa mgonjwa ulitiwa kipande cha shina lake jeupe lililopondwa. Mtoto akijaa gesi, shina hilo hilo lilichemshwa, maji yakapozwa na kunyweshwa kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka acheue na nyumba nzima ishukuru. Wanawake waliotoka bondeni na madebe yao walikandwa magoti kwa majani yaliyochemshwa na kufungwa kwenye kitambaa. Na baba alitafuna shina bichi kila alipotoka kunywa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, ili harufu isimtangulie mlangoni. Mama alijua vizuri sana. Hakuna mwanaume anayetafuna mchaichai jioni bila sababu.

Ila kazi yake kubwa ilikuwa homa. Ukianza kutetemeka, mama alijaza chungu majani ya mchaichai, akachanganya na kivumbasi na mwarobaini, akachemsha mpaka kifuniko kikacheza. Kisha ulikalishwa kwenye kigoda, chungu kati ya miguu yako, ukafunikwa blanketi zito la kijivu. Humo ndani kulikuwa giza na moto na harufu inayokukata pua, machozi na makamasi na jasho vinatoka kwa pamoja, na kwa nje unaisikia sauti ya mama. "Vuta pumzi. Usitoe kichwa. Nikikiona kichwa nje, tunaanza upya." Alipokufunua ulikuwa umelegea kama mlenda, akakufuta, akakuvika nguo kavu, ukalala. Asubuhi yake alikupeleka zahanati kumeza klorokwini, dawa ile chungu ya kukunja uso wiki nzima. Kwa hiyo mpaka leo sijui ni kipi kilichoniponya, na mama hakutaka kujua. Kwake dawa zilikuwa kama wajomba, ukiwa na wawili ni bora kuliko mmoja.

Lakini mama hakuutunza mchaichai ule kwa sababu ya chai, wala ya homa zetu.

Yeye alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, juu ya uwanda ambao ni ndugu wa huu wetu, Mto Ruvuma umepita tu katikati. Alivuka na kaka zake kuja kulima kibarua cha mikorosho, miaka michache kabla ya uhuru wetu, na huko kwenye kibarua baba akamwona. Ndoa ilipokwisha kukubaliwa pande zote, bibi, yaani mama yake mama, alichimba shina la mchaichai lililokuwa nyuma ya jiko lake, akaligawa katikati kwa panga. Nusu aliirudisha shimoni. Nusu aliifunga kwenye gunia lililoloweshwa, akampa binti yake.

"Huu ninaobaki nao ni wewe," alimwambia. "Huo unaoondoka nao ni mimi. Kila mtu ammwagilie mwenzake."

Toka siku ile hawakuulizana hali kama watu wengine. Msafiri akivuka kutoka ng'ambo na kupita kwetu, mama alimpa maji ya kunywa, akamsalimia, kisha akamuuliza, "Mchaichai umeuonaje?" Msafiri aliyewazoea alijibu kwamba umestawi, umefika kiunoni, na mama aliendelea kupika akiimba. Bibi akiugua hakuagiza kwamba anaumwa. Aliagiza kwamba majani yamekauka ncha, na siku iliyofuata mama alikuwa njiani. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani bibi yangu ni majani kweli, nikawa namwamkia nyuma ya jiko. Mama hakunisahihisha.

Halafu vita ikaanza ng'ambo. Sisi tulikuwa tumeshapata uhuru, wao walikuwa bado na Mreno. Wasafiri wakakoma, wakaja wakimbizi, na mikeka yao na kuku wao na watoto waliokuwa hawasemi. Pale Newala ardhi inapokatika unaliona bonde lote la Ruvuma na vilima vya upande wa pili, na siku nyingine tuliona moshi huko, au tukasikia ngurumo wakati mbingu ni nyeupe. Mama alikwenda kwa kila kundi lililopanda mlima. Aliwapa mihogo, kisha akawauliza lile swali lake. Mwanaume mmoja alimtazama kwa huruma, akamjibu, "Dada, tumekimbia na roho zetu. Nani aliangalia nyasi?" Kuhusu kijiji cha bibi walichojua ni kwamba watu wake wametawanyika.

Kwa hiyo hapakubaki habari nyingine yoyote ya bibi ila ile iliyokuwa nyuma ya jiko letu. Mchaichai ukisimama, bibi amesimama. Mama hakulisema hilo kwa sauti, wala haikuhitajika. Kila asubuhi aliushika kwanza majani, ndipo akaja kuitikia shikamoo zetu. Ukipata ncha ya njano hakula vizuri mpaka jani hilo lilipodondoka. Baba, ambaye alipenda utani, alikuwa akisema amewaoa watu wawili, mmoja anapika na mwingine anakunywa maji yake yote.

Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Sisi tulikuwa tukikaa kwenye shamba letu, mbali kidogo na Makote, katikati ya mikorosho ambayo baba aliipanda kwa mkono wake. Lori lilikuja, tukaambiwa tupakie. Baba alizunguka kwenye mikorosho akiigusa mmoja mmoja kama anayeaga maiti, maana kuanzia siku hiyo ingekuwa ya kufuatwa kwa mguu. Mama hakuaga chochote. Alikuwa amechimba mchaichai mzima mzima na udongo wake, ameufunga kwenye gunia, amekaa nao mapajani juu ya mizigo. Kijana wa lori aliuliza kama nyasi nazo zinahamia ujamaani. Mama alimwambia aendeshe gari.

Kijijini tulikuta viwanja vimepimwa kwa kamba, vijiti vimechomekwa, nyumba zote zitazame upande mmoja. Baba aliuliza mlango utakaa wapi. Mama aliuliza nyuma ya jiko ni wapi. Hatukuwa na paa wala jiko lenyewe, lakini mchaichai ulikuwa umeshapandwa na kunawiwa.

Shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mkuu aliyetoka mikoa ya ziwani, kijana, mrefu, na mwenye bidii ya kutosha nchi mbili. Huko kwao, alitueleza, kila kitu ni kijani, na nyasi ni adui wa kila siku. Akaanzisha kampeni ya usafi. Mbu wanalala kwenye nyasi, kwa hiyo nyasi zote zilizo karibu na nyumba zing'olewe, zikatupwe shimoni na kuchomwa. Ijumaa moja wanafunzi waligawanywa, kila darasa na mtaa wake, kila mtoto na jembe. Darasa langu lilipelekwa mbali na kwetu, mwisho wa kijiji, upande wa kuelekea Mnyambe. Baba alikuwa kwenye mikorosho. Mama alikuwa bondeni.

Watoto waliofika kwetu waliujua mchaichai vizuri. Nusu yao walikuwa wameshafukizwa nao kwao. Lakini mwalimu alisema nyasi zote, na enzi zile mwalimu akisema zote, ni zote. Hakuna aliyethubutu kurudi kumuuliza kama dawa nayo ni nyasi. Walichimba, tena walichimba vizuri, mpaka mzizi wa mwisho, kwa sababu walijua atakuja kukagua.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani mama aliporudi. Alizunguka nyuma ya jiko na debe bado liko kichwani, akaona shimo. Mikono yake ilishuka yenyewe. Debe likaanguka, maji yote ya bondeni yakamwagika na kunywewa na mchanga mbele yetu, na yeye hakuyatazama hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuwahi kumwona mama yangu akimwaga hata kikombe.

"Mama yangu amekufa," alisema.

Hakupiga kelele. Alifunga kanga yake vizuri, akaenda shuleni, mimi nyuma yake. Shimo la taka lilikuwa linafuka moshi. Alishuka humo kwa miguu yake, akaanza kufukua kwa mikono. Mwalimu mkuu alitoka ofisini na kusimama kwenye ukingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unatafuta nini humo, mama?"

"Ninamtafuta mama yangu."

Mwalimu akanitazama mimi. Ilibidi nimweleze, mbele ya wanafunzi waliokuwa wameanza kukusanyika, habari za panga na gunia na huu ni wewe na huo ni mimi. Nilitegemea acheke. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua saa yake, akaniachia niishike, akateremka shimoni na suruali yake iliyopigwa pasi. Walifukua bega kwa bega. Majani yote yalikuwa yameungua, na mashina mengi yalikuwa yameiva kama viazi. Chini kabisa walipata vipande vitatu vyenye mizizi, vimekauka nje, weupe umebaki ndani kidogo. Mama alivifunga kwenye pindo la kanga.

"Nisamehe," mwalimu alisema. "Kwetu huo hata hatuupandi, unajiotea."

"Hapa hakuna kinachojiotea," mama alimjibu.

Alivipanda jioni ile, na maji ya kuvimwagilia hatukuwa nayo, kwa sababu debe lilikuwa limemwagika. Tulikuwa bado tunatazamana mwalimu alipotokea, amebeba beseni kwa mikono miwili, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Yalikuwa maji aliyoogea. Alieleza kwa haya kwamba ameoga bila sabuni, ili isiudhuru mmea. Akayamimina taratibu, akasema usiku mwema, akaenda.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Kila jioni mwalimu mkuu wa shule alikatiza kijiji kizima na beseni la maji ya kuoga. Watu walitoka nje kutazama. Jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa na ulimi wa kuchoma, alisema, "Nwalimu kahamisha bafu kwa nke wa ntu," kwa matamshi yetu ya Kimakonde, na kijiji kikacheka wiki nzima. Mwalimu hakuacha. Nakumbuka harufu yake siku zile, na nasema kwa heshima zote, mtu anayeoga bila sabuni hujulikana.

Mama hakulia. Ndugu walikuja kukaa naye, wakamwambia alie apate nafuu, akakataa. Kulia kungekuwa kukubali. Hakusuka nywele, hakuimba, alipika akatupakulia na yeye akala matonge mawili. Kila alipokwenda nyuma ya jiko sisi watoto tuliacha kucheza na kusikiliza. Nilikuwa nikimwomba Mungu wa shuleni na Nnungu wa bibi zangu, wote kwa pamoja, kwamba hata kipande kimoja kiote, kwa sababu nilijua tukimkosa bibi tutakuwa tumemkosa na mama.

Kipande kimoja kiliota. Ilikuwa ncha ndogo, nyembamba kama sindano, na mama aliiona kabla ya mtu yeyote. Alimwita baba kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba alichuchumaa, akaitazama.

"Mama mkwe ameamka," alisema, akapenga kamasi kwenye shati lake. Mama akaanza kucheka, na katikati ya kucheka ndipo alipolia.

Mwalimu alipewa kikombe cha kwanza majani yalipokuwa marefu ya kutosha. Alikinywa chote, akasema ni kitamu, ingawa hakikuwa na sukari hata chembe. Alipohamishwa kwenda mkoa mwingine aliondoka na kichipukizi kimoja kwenye kopo. Sijui kama huko kwenye kijani chao alikiona tofauti na nyasi nyingine, lakini napenda kufikiri kwamba alikuwa akikinawia.

Hatimaye ng'ambo nao wakapata uhuru. Wakimbizi walirudi kwao wakiimba, na mama hakungoja. Alimega vichipukizi kutoka kwenye shina lake, akavifunga kwenye gunia lililoloweshwa, akafunga na fundo la majani makavu ya kunywa njiani, akanichukua mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mtoto mkubwa. Alitaka akamwonyeshe mama yake jinsi alivyomtunza. Baba alisema msalimieni mkwe wangu, mwambieni maji yangu anayafaidi.

Tuliteremka mlima, tukavuka Ruvuma kwa mtumbwi, na upande wa pili tukafuatana na watu waliojua njia. Walituambia tukanyage pale pale alipokanyaga wa mbele, kwa sababu vita ilikuwa imekwisha juu ya ardhi lakini chini yake bado mabomu yalikuwa yamelala. Kwa hiyo safari nzima nilitazama visigino vya mama, na matone ya maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye gunia na kuacha alama vumbini.

Mahali alipozaliwa mama palikuwa pori. Tulielekezwa mbele, kwenye kijiji ambako Mreno aliwakusanya watu wakati wa vita ili wasiwalishe wapigania uhuru. Nilipokiona nilisimama. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, zote zimetazama upande mmoja, sawasawa na zetu. Serikali mbili zisizosalimiana zilikuwa zimepata wazo moja.

Bibi alikuwa amekaa nje anamenya muhogo. Mama alimtambua kutoka mbali, akapiga magoti palepale njiani, akamwamkia kwa Kimakonde. Bibi aliinua uso, akamtazama, akaendelea kumenya. Kisu hakikusimama.

"Wewe nilishakuzika," alisema.

Aliyasema yote bila kuacha kazi, na mimi nilielewa kila neno na kutamani nisielewe. Siku walipohamishwa kwa bunduki hakuruhusiwa kuchukua kitu. Baadaye alitoroka akarudi nyumbani kwake kuangalia, akakuta askari wamechimba handaki nyuma ya jiko. Mchaichai ulikuwa umetupwa huko, umekauka, hata mzizi wa kuokota hakuupata. Akajua mwanawe amekufa ng'ambo. Akanyoa nywele, akakaa matanga, akalia mpaka akamaliza. Mwaka ule ule alizaliwa mtoto katika ukoo wao, na jina la mama yangu lilikuwa halina mtu.

"Jina lako nimeshalitoa," bibi alisema.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimemtembelea bibi kila asubuhi ya utoto wangu, nimemnawia, nimemfukuzia kuku wasimparue. Miaka yote ile kwetu yeye alikuwa hai, anamwagiliwa na mwalimu mkuu, na huku kwake mama yangu alikuwa maiti na hakuna aliyemwambia. Sikujua nimkasirikie nani. Nilianza kulia kwa sauti, kama mtoto mdogo, na sikuwa mdogo.

Mama alisogea kwa magoti mpaka alipokaa bibi. Alifungua gunia, akatoa vichipukizi, akavilaza mapajani kwa bibi, juu ya maganda ya muhogo.

"Huyu ni wewe," alisema. "Nimekumwagilia."

Kisu kikasimama. Bibi alivunja ncha ya jani, akalifikicha, akalipeleka puani. Alikaa hivyo, macho amefumba. Kisha, vichipukizi vikiwa bado mapajani, alimwita mjukuu aliyekuwa ndani amletee maji. Alimwita kwa jina.

"Abee," ikajibu sauti ndogo kutoka ndani.

"Abee," akajibu mama yangu pale chini, kabla hajafikiri.

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto mdogo wa kike akatokea mlangoni na kata ya maji, anashangaa nani mwingine ameitika. Bibi alimtazama huyu, akamtazama yule, machozi yanafuata mikunjo na chale za uso wake mpaka kidevuni.

"Kumbe ninao wawili," alisema, na akamfungulia mama mikono.

Walipanda vile vichipukizi pamoja, nyuma ya jiko, na bibi akasema huu sasa ni wewe, usife tena. Wakanawa juu yake, wote wawili kwa kata moja, yule mtoto akimimina. Tulichemsha majani makavu tuliyokwenda nayo, bibi akanywa, na yaliyobaki mama alimkandia magoti mpaka akasinzia. Siku zote tulizokaa pale mtu akiita lile jina waliitika wawili, na bibi aliita mara nyingi kuliko haja ilivyokuwa.

Tulipoondoka alitusindikiza mpaka mwisho wa mstari wa nyumba. Hakutuombea safari njema wala kutuagiza salamu.

"Ukifika, nawa," alimwambia mama.

Tulifika nyumbani miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Wadogo zangu walitukimbilia, majirani wakatoka na maswali yao, mama akawapita wote akazunguka nyuma ya jiko, akainama juu ya mchaichai na kunyoosha mikono mitupu. Baba alichota maji mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akaja akammiminia.